Dawa ya Kuvu Haipigani Peke Yake

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwahimiza watu wachangie ujenzi wa shule au arusi ya jirani. Nionavyo mimi, inafaa pia kueleza jinsi mwili wa binadamu unavyopambana na maradhi yaletwayo na kuvu, hasa kuvu zile za jamii ya hamira. Kidonge anachomeza mgonjwa ni kidole kimoja. Kidole cha pili ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba lugha tuitumiayo zahanatini, katika maduka ya dawa na hata madarasani hukitaja kidole cha kwanza pekee, na cha pili husahauliwa kana kwamba hakipo.

Naomba ieleweke tangu mwanzo kuwa mimi si tabibu. Taaluma yangu ni isimu, na kwa miaka mingi nimefundisha chuoni jinsi maneno yanavyoundwa na jinsi yanavyobeba maana. Lakini agizo la daktari ni maneno pia. Mgonjwa huenda nyumbani na kifurushi cha dawa, pamoja na sentensi moja au mbili alizoambiwa dirishani. Hapa Isiolo ninakoandikia makala haya, sentensi hizo kwa kawaida ni za Kiswahili. Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru hukutana sokoni na hospitalini, kila mmoja na lugha ya mamake, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mgonjwa aliyetoka Merti au Garbatulla kwa gari la mizigo hatarudi kesho kuuliza muuguzi alikusudia nini. Neno aliloambiwa ndilo atakaloishi nalo. Likiwa na walakini, matibabu nayo yatakuwa na walakini.

Kwanza tumjue huyo tunayemzungumzia. Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika uwanja huu. Kuvu ni jina la jumla. Ukungu ni ule uotao juu ya mkate uliolala. Hamira, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni ile iumuayo unga wa mandazi. Chachu ni neno letu wenyewe, lililotokana na kitenzi chacha. Siku hizi pia tunalo neno fangasi, lililoingia kwa mlango wa Kiingereza, na ambalo watu wengi hulitumia kwa maradhi ya ngozi na ya sehemu za siri. Wanasayansi wanatufunza kuwa hamira ya mandazi ina ndugu aitwaye kandida, naye pia ni kiumbe wa seli moja azaliaye kwa kuchipuza. Kandida huishi kinywani, matumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya njema bila ya kuwadhuru. Ni mpangaji mtulivu maadamu majirani zake, yaani bakteria wema, wangali hai, na maadamu kinga ya mwenye nyumba iko macho.

Mizani hiyo ikivurugika, mpangaji hugeuka kuwa mvamizi. Mizani huvurugwa na mambo mengi: viuavijasumu vilivyowaangamiza bakteria wema, ugonjwa wa kisukari, virusi vya UKIMWI, utapiamlo wakati wa ukame. Hapo ndipo mtoto huota utando mweupe ulimini na kukataa kunyonya. Hapo ndipo mtu mzima hupata maumivu kooni kila amezapo mate. Na hapo ndipo mwanamke husumbuliwa na mwasho na uchafu mzito mweupe, maradhi ambayo takriban wanawake watatu katika kila wanne hupatwa nayo angalau mara moja maishani.

Je, mgonjwa huyo akifika kwenye duka la dawa huambiwa nini? Huambiwa, "Mama, meza hii, itaua wadudu wote." Sentensi hii imezoeleka mno hata hakuna anayeishangaa. Ina makosa mawili. Kwanza, kuvu si mdudu. Kosa hilo ni dogo na naweza kulisamehe, maana Kiswahili cha kila siku kimekwisha kuwaita vijidudu na virusi wote wadudu. Kosa la pili ndilo zito, nalo limo katika kitenzi ua.

Hebu tutazame jinsi dawa zenyewe zinavyofanya kazi. Seli ya kuvu imezungukwa na utando ulio na mafuta maalumu yaitwayo ergosteroli, kama vile utando wa seli zetu ulivyo na kolesteroli. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowawezesha matabibu kuishambulia kuvu bila ya kumwangamiza mgonjwa. Dawa ijulikanayo kuliko zote leo, flukonazoli, ambayo ilianza kutumika yapata mwaka 1990, huzuia kimeng'enya kinachotengeneza ergosteroli hiyo. Kandida iliyonyimwa ergosteroli kwa kawaida haifi papo hapo. Hudumaa. Hushindwa kuzaana ipasavyo na kuchomoza nyuzi ambazo huzitumia kupenya katika nyama ya mwili. Seli nyeupe za damu huikuta katika hali hiyo ya unyonge, zikaimeza na kuimaliza.

Aliyewahi kuona mbuzi akichinjwa anajua kwamba mmoja hushika miguu na mwingine hushika kisu. Flukonazoli hushika miguu. Kisu ki mkononi mwa kinga ya mwili. Kama mwenye kisu ni mgonjwa kitandani, mshika miguu atachoka, na mbuzi atainuka na kwenda zake.

Zipo dawa ambazo hushika kisu zenyewe. Nistatini, ambayo wengi wetu tunaijua kama matone ya manjano ya kutiwa kinywani mwa watoto, iligunduliwa na wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, ambao waliitangaza mwaka 1950 baada ya kuipata kutoka kwa bakteria wa udongoni. Amfoterisini, iliyofuata katika muongo huohuo, ni ya ukoo mmoja nayo. Dawa hizi hushikamana na ergosteroli, zikauharibu utando wa kuvu mpaka seli ikafa. Hata hivyo amfoterisini nayo haifanyi kazi katika upweke. Itiwapo mshipani huziamsha seli za kinga zipige mbiu, na ndiyo maana wagonjwa wengi hupata homa na mtetemeko wakati wa kutiwa dawa hiyo.

Kundi la tatu linastaajabisha zaidi. Kuvu ina ukuta wa nje, na katika ukuta huo mna sukari fulani iitwayo beta-glukani. Seli zetu nyeupe zina kipokezi ambacho huitambua sukari hiyo kama mlinzi amtambuavyo mgeni asiye na kibali. Mwaka 2001 wanasayansi walikibainisha kipokezi hicho, kiitwacho Dectin-1. Kandida ni mjanja. Huificha beta-glukani chini ya joho la sukari nyingine zisizowashtua walinzi. Dawa iitwayo kaspofungini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka huohuo wa 2001, huvuruga ujenzi wa ukuta huo. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha jambo la ajabu: hata dawa hiyo ikiwa kidogo kiasi cha kutoweza kuua, ilitosha kulivua joho, na seli za kinga zikaishambulia kuvu kwa nguvu zaidi kuliko kwanza. Hapa dawa ilifanya kazi ya mfichua siri.

Msomaji atauliza: haya yanamhusu nini mwalimu wa Isiolo au mwanafunzi wake? Yanamhusu sana, kwa maana kitenzi tunachokichagua ndicho kinachoamua atakachofanya mgonjwa maradhi yakirudi.

Chukua mtu aliyeambiwa kwamba dawa huua. Ametibiwa utando wa kinywani, ukaisha. Baada ya mwezi umerudi. Kwa mantiki ya kitenzi kile, atahitimisha kwamba dawa ya kwanza ilikuwa dhaifu, na atatafuta iliyo kali kuliko hiyo. Ikishindwa nayo, atatafuta ya tatu. Sasa chukua mtu aliyeambiwa kwamba dawa huidumaza kuvu ili mwili wake uimalize. Yeye maradhi yakirudi atajiuliza swali jingine kabisa: mwili wangu umepungukiwa na nini? Swali hilo litampeleka kupima sukari. Litampeleka kupima virusi vya UKIMWI. Kuvu inayorudi mara kwa mara kinywani mwa mtu mzima ni barua, na aliyefundishwa kwamba dawa huua huichana barua hiyo bila ya kuisoma.

Ushahidi wa jambo hili uko wazi katika maagizo ya matabibu wenyewe. Mwanamke mwenye afya njema aliyeshikwa na kandida ukeni, bila ya matatizo mengine, kwa kawaida hupewa kidonge kimoja tu cha flukonazoli cha miligramu 150. Mgonjwa wa UKIMWI ambaye kandida imemshuka mpaka kwenye umio hupewa dawa hiyohiyo kwa majuma mawili hadi matatu. Na yule aliyepatwa na kuvu nyingine ya jamii ya hamira, iitwayo kriptokoka, ambayo hushambulia utando wa ubongo, huendelea kumeza flukonazoli kwa mwaka mmoja au zaidi, hata baada ya kutoka hospitalini, mpaka kinga yake irudi. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali palipovamiwa na nguvu ya mwenye kisu.

Hata mwili wenyewe hauna mlinzi mmoja. Kinywa na koo hulindwa hasa na zile seli ambazo virusi vya UKIMWI huziteketeza. Ndiyo sababu utando mweupe kinywani ulikuwa miongoni mwa dalili za mwanzo ambazo madaktari wa Afrika Mashariki walizizoea katika miaka ya 1980 na 1990. Damu nayo hulindwa zaidi na aina nyingine ya seli nyeupe, ambazo hupungua kwa wagonjwa wanaotibiwa saratani. Kwa hiyo mgonjwa wa UKIMWI aghalabu huugua kandida ya koo bila ya kandida kuingia damuni, ilhali anayetibiwa saratani huweza kuvamiwa damuni. Ni somo zuri la sayansi, nalo linaelezeka kwa Kiswahili bila ya taabu yoyote.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kinga kila mara ni rafiki, na kwamba ikizidi ndiyo heri. Mambo si mepesi hivyo. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini kwa wagonjwa 177 wa UKIMWI waliokuwa na kriptokoka ya ubongo. Wote walipewa dawa za kuvu. Baadhi yao walianzishiwa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI katika wiki moja au mbili za kwanza. Wengine walingojeshwa hadi yapata wiki tano. Wengi wangedhani kuharakisha kuirudisha kinga ni bora. Matokeo yalikuwa kinyume. Baada ya wiki 26, asilimia 45 ya walioharakishwa walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 30 ya waliongojeshwa. Dawa ya kuvu ilihitaji kupewa nafasi ya kupunguza kuvu kwanza. Kumbe hata vidole viwili vya kuvunja chawa vina zamu zake.

Mwasho nao una siri yake. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004, ambapo wanawake waliojitolea walitiwa kandida kwa makusudi, ulionyesha kwamba walioumwa ni wale ambao seli zao nyeupe zilimiminika ukeni kwa wingi. Kuwapo kwa kandida peke yake hakukutosha kuleta maumivu. Mwasho, basi, ni kelele ya kinga iliyoshtuka. Dawa halisi ya kuvu humpunguza aliyeishtua, na kelele hunyamaza yenyewe.

Jambo hili linanileta kwenye biashara inayonitia uchungu. Katika maduka mengi ya dawa nchini huuzwa krimu zilizochanganywa vitu vitatu: dawa ya kuvu, dawa ya bakteria na steroidi. Steroidi ni dawa muhimu mahali pake, lakini kazi yake ni kuituliza kinga. Mwaka juzi jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alikwenda kutafuta dawa ya mwasho wa mapajani. Hakuulizwa chochote. Aliuziwa krimu ya namna hiyo na kuambiwa, "Paka tu, mama, inaua kila kitu." Baada ya siku mbili mwasho ulikoma, naye akamsifu muuzaji. Baada ya wiki chache vidonda vilikuwa vimeenea maradufu. Mfugaji yeyote wa huku kwetu angeelewa kilichotokea kama angeelezwa vyema: fisi alikuwa zizini, mbwa akabweka, na mwenye boma akamfunga mbwa mdomo ili apate usingizi.

Wala hili si dogo kwa wagonjwa mahututi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha wagonjwa 451 katika nchi kadhaa za Asia pamoja na Malawi na Uganda, ulijaribu kuwapa wagonjwa wa kriptokoka ya ubongo steroidi iitwayo deksamethasoni sambamba na dawa za kuvu. Ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Waliopewa steroidi walichelewa zaidi kusafika kuvu katika maji ya uti wa mgongo, na walipata madhara na ulemavu zaidi. Dawa za kuvu zilikuwepo. Kilichopunguzwa ni kidole cha pili.

Fauka ya hayo, kuna hatari ya usugu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazotishia binadamu, na nne kati yake ziliwekwa katika daraja la juu kabisa: kriptokoka, Candida albicans, kuvu ya hewani iitwayo Aspergillus fumigatus, na Candida auris. Hii ya mwisho ilielezwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2009, nayo tayari ilikuwa au ilikuwa karibu kufika kwetu. Uchunguzi wa wagonjwa 201 waliokuwa na kandida damuni katika hospitali moja ya Nairobi kati ya mwaka 2010 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 38 walikuwa na Candida auris. Kuvu hiyo aghalabu haitishiki kwa flukonazoli, na utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba seli nyeupe zilizo askari wa mbele huipita bila ya kuimaliza. Huyo ni chawa aliyejifunza kuvikwepa vidole vyote viwili.

Hata katika kibuyu chetu mna somo. Maziwa ya ngamia ya Isiolo, ambayo akina mama wa mji huu huyakusanya na kuyapeleka kwa basi mpaka Eastleigh, yakigandishwa huwa suusa. Watafiti waliochunguza suusa ya Kenya na kuchapisha kazi yao mwaka 2005 walikuta humo, miongoni mwa chachu nyingine, ile iitwayo Candida krusei. Chachu hiyo kwa maumbile yake haisikii flukonazoli. Simtishi mtu aache kunywa suusa. Vizazi na vizazi vimeinywa, na mwenye kinga timamu hana sababu ya kuihofia chachu hiyo. Nasema tu kwamba dawa moja haiwezi kuwa jibu la kila kuvu, na kwamba kinachowalinda wanywaji wengi ni kinga yao, wala si kidonge chochote.

Sasa turudi kwenye lugha. Wataalamu wa istilahi wametupa mtindo wa kuunda majina kwa kutumia mzizi ua: kiuavijasumu, kiuadudu, kiuagugu. Mtindo huu ni mzuri, una mantiki na ni rahisi kwa mwanafunzi. Lakini una mtego. Ukimwachia mwanafunzi aufuate bila ya kufikiri, ataunda kiuakuvu na kukipachika kila dawa, ile inayoua na ile isiyoua. Kiingereza cha madaktari hutenga dawa zinazoua kuvu na zinazoizuia kukua. Kiswahili nacho kina uwezo huo, tena kwa kitenzi ambacho kila mwalimu wa shule ya msingi anakijua. Tunasema mtoto aliyekosa lishe amedumaa. Tunasema mahindi yaliyokosa mvua yamedumaa. Kwa nini tusiseme dawa hii hudumaza kuvu?

Atatokea wa kusema kwamba mgonjwa hahitaji falsafa ya vitenzi. Anahitaji kumeza dawa kama alivyoagizwa, basi. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, hata kutoka kwa wasomi wenzangu. Jibu langu ni historia yetu wenyewe. Dawa za UKIMWI zilipoanza kuenea nchini Kenya, kulikuwa na hatari kwamba watu wangezimeza mpaka wanenepe, kisha waziache. Lakini Kiswahili kiliziita dawa za kupunguza makali. Hakikuziita dawa za kuua virusi. Katika maneno hayo machache mgonjwa aliambiwa kweli yote: adui yungali ndani, makali yake yamepunguzwa, na ukiacha kupunguza yatarudi. Bibi asiyejua kusoma aliielewa kauli hiyo na kumeza dawa zake kila siku. Sidai kwamba msemo peke yake uliokoa maisha; dawa zilifanya kazi, wauguzi walifanya kazi. Nadai kwamba msemo haukuwapinga. Msemo wa kuua kuvu unawapinga kila siku.

Ni nini basi kifanyike? Kwanza, walimu wa Kiswahili walichukue jambo hili kama lao. Ufahamu na insha si lazima ziwe juu ya ajali za barabarani na faida za elimu milele. Mpe mwanafunzi kifungu juu ya kandida, mwambie atofautishe ua, dumaza, zuia, tuliza na amsha, kisha atunge maagizo ambayo nyanya yake angeyaelewa. Mwanafunzi huyo ndiye anayemsomea nyanya karatasi iliyomo ndani ya pakiti ya dawa, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza cha kutisha na kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Pili, walimu wa sayansi wasione haya kurudia somo kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, najua. Lakini mwili hauugui kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni kwa nini lugha rasmi ishindwe kueleza kinachotokea kinywani mwa mtoto.

Tatu, sisi wa vyuo vikuu tuache kuandikiana wenyewe kwa wenyewe. Idara za lugha na za udaktari zinaweza kukaa meza moja na kutunga sentensi kumi tu za kila siku, zilizopimwa kwa wagonjwa halisi, zikabandikwa kwenye dirisha la kutolea dawa. Mojawapo ingeweza kuwa hii: "Mama, dawa hii inaidumaza kuvu ili mwili wako uimalize. Hata utando ukitoweka, maliza siku zote ulizoandikiwa. Ukirudi tena, usinunue nyingine. Njoo tutafute kilichoudhoofisha mwili." Sentensi hizo hazihitaji mtambo wala mkopo kutoka ng'ambo. Zinahitaji muuguzi mwenye dakika moja na jamii iliyozoea kuyasikia maneno hayo tangu shuleni.

Mwenye duka la dawa ataendelea kusema dawa inaua kila kitu maadamu wateja wake wanaipenda kauli hiyo. Mteja wa kumwuliza swali yuko darasani hivi sasa, Isiolo, Garbatulla, Kinna na kwingineko. Tumfundishe kuuliza: "Inaua au inadumaza? Ina steroidi ndani yake? Na kama maradhi haya yamerudi mara ya tatu, nipime nini?" Akiyauliza maswali hayo matatu kwa niaba ya mamake, mwalimu wake atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna kidonge kiwezacho kuifanya.